Nilivyogeuka Grandmaster wa Fimbo Louisville, Nikaumbuka Buffalo

Wakuu, wazee wenzangu shikamooni, na vijana marahaba hata kama hamjaniamkia.

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Akiba yangu ya uongo niliimaliza mwaka jana, kama mtakavyoona.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mtu wa Tabora, kidato cha nne cha enzi zile. Nilikuja Louisville, Kentucky, kumfuata binti yangu Upendo, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Wajukuu wananipenda, lakini salamu yao ni "Hi, Babu," macho yakiwa kwenye simu. Nilikaa miaka mitatu bila kusikia shikamoo ya mtu yeyote.

Hilo liwekeni akilini. Ndilo lililoniponza.

Nilipata kibarua cha usafi kwenye ukumbi wa kanisa. Kila Jumamosi asubuhi, kule chini kwenye besimenti, watu kama ishirini walikuwa wanapigana fimbo. Ni mchezo wa Wafilipino. Wengine wanauita arnis, wengine eskrima, wengine kali, na nimewahi kuwasikia wakibishania jina muda mrefu kuliko mazoezi yenyewe. Mwalimu, au guro kwa lugha yao, alikuwa Danilo, Mfilipino wa miaka hamsini na kitu, nesi, mpole kupita kiasi kwa mtu anayefundisha kuvunja viwiko.

Siku ya kwanza nilipita katikati yao nimeshika mipini miwili ya madekio. Vitambaa nilikuwa nimevitoa nikavifue.

Danilo akasimamisha mazoezi. Akanijia, akainama, akachukua mkono wangu, akaugusisha kwenye paji la uso wake.

Baadaye nilijua kwamba hiyo ni desturi ya kwao ya kumwamkia mtu mzima, yeyote yule, na inaitwa mano. Ni shikamoo ya mkono. Lakini wanafunzi wake, Wamarekani watupu, wao walichoona ni mwalimu wao akimwinamia mzee mwenye fimbo mbili.

Wakapanga foleni. Wote ishirini. Paji moja baada ya jingine, mkononi kwangu.

Wakuu, mimi nilikuwa nimekuja kupiga deki.

Mama mmoja aitwaye Debbie, mstaafu aliyekuwa dereva wa basi la shule, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Ulianza lini, bwana?"

Jibu la kweli lilikuwa "Jumatatu", maana ndipo nilipoanza kibarua. Nikajibu, "Kwetu tunaanza tukiwa watoto."

Wakaomba niwaonyeshe. Nikamkumbuka bibi yangu na shangazi wakitwanga mahindi kwenye kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na haigongani. Utotoni nilipokezwa mchi mara nyingi, hilo si uongo. Nikaweka ndoo katikati, nikamwita Debbie, tukatwanga hewa.

Danilo akapiga makofi. "Hii ni sinawali!" Sinawali ni mtindo wao wa fimbo mbili zinazopishana kama ukili unavyosukwa. "Tatay," akasema, yaani baba kwa lugha yao, "kwenu mnaiitaje?"

"Twanga."

Debbie akaandika kwenye daftari.

Miezi mitatu baadaye daftari lilikuwa limejaa. Kulikuwa na Songa Ugali, fimbo ikizungushwa kwa mikono miwili huku umebana sufuria isiyokuwepo. Kulikuwa na Palilia, ya kukata miguu ya adui. Na kulikuwa na Fukuza Kuku, ambayo unachuchumaa nusu, unapepea fimbo huku na huku karibu na ardhi, na kupiga kelele "Shuu!" Hiyo niliitunga siku niliyoishiwa kabisa.

Niseme na hili: karibu kila nilichofundisha ni kazi ambayo marehemu mke wangu aliifanya miaka thelathini na nane mimi nikiwa nimekaa. Nilikuwa namwona, kumbe nilikuwa nasoma. Sikumpokea mwiko hata siku moja.

Nikaanza kutembea polepole, mikono nyuma. Nikanunua kofia. Wakaniita Grandmaster, nami nikaitika. Debbie akaja na tattoo kwenye mkono, herufi kubwa: SONGA UGALI. Nikaisifu.

Basi, mwaka jana vikundi vya Louisville, Columbus na Buffalo vikapanga mkutano mkubwa wa mazoezi, Buffalo. Sisi tukaondoka na van, Danilo akiendesha, tukalala Columbus kwa wenzetu.

Asubuhi, kule Columbus, tukasimama Morse Road kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, maana wanafunzi walitaka kuonja chakula cha nchi ya Grandmaster. Mwenye duka alikuwa mama Mkongo wa Bukavu, Mama Furaha. Debbie akaona mwiko mkubwa umening'inia ukutani.

"Ni silaha yenyewe!" akapiga kelele. Akaushika, akabana magoti, akaanza kusonga katikati ya mifuko ya mchele. Wenzake wakajipanga nyuma yake. "Songa! Twanga! Fukuza kuku! Shuu!"

Mama Furaha akaacha kupima ndakala, wale samaki wadogo. Akaniangalia.

"Baba, hawa bazungu yako banatafuta nini na mwiko yangu?"

"Ni mazoezi tu, mama."

"Donc, unabafundisha kusonga bugali, na bo banazania ni vita?"

Nikaangalia sakafu.

"Bon. Na ile Fukuza Kuku, kuku iko wapi?"

Akacheka mpaka akashika kaunta, kisha kicheko kikamwisha ghafla. Akamwangalia Danilo, aliyekuwa mlangoni amenishikia kofia yangu kwa mikono miwili kama amebeba sahani ya sadaka.

"Uyu anakupenda," akasema. "Umuambie leo. Uongo ya mutu mukubwa inaozaka polepole, lakini harufu yake inajaza nyumba yote."

Nikaahidi kumwambia njiani.

Njiani Danilo ndiye aliyeanza. Alisema Buffalo atakuwepo mwalimu wake mwenyewe, mzee wa miaka themanini na minne, wote wanamwita Lolo, yaani babu. Alisema amemfuata Lolo miaka ishirini na miwili, na Jumamosi hiyo angepewa haki ya kufundisha kwa jina lake mwenyewe, si la Lolo. Alihitaji mtu mzima wa kusimama naye kama shahidi. Baba yake alikuwa amefariki.

"Nimemwambia nina wewe, Tatay."

Wakuu, hapo ndipo pa kusema. Barabara ilikuwa tupu, wengine nyuma wamesinzia, mdomo wangu uko wazi tayari.

Nikaomba pipi ya kutafuna.

Mkutano ulikuwa kesho yake, kwenye ukumbi mmoja Kenmore, kaskazini mwa Buffalo. Watu kama sitini, kila mmoja na fimbo zake. Na daftari la Debbie lilikuwa limeshanakiliwa miji yote. Nilipoingia, watu nisiowajua waliniamkia kwa Twanga.

Lolo alikuwa amekaa mbele. Mdogo, ananifika begani, amevaa kandambili na soksi. Nilitegemea jicho kali. Alikuwa anamenya chungwa.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza.

"Bibi yangu," nikasema. Jibu la kwanza la kweli katika mwaka mzima.

Akafuta mikono, akachukua fimbo mbili, akanipa mbili. Tukaanza kutwanga. Na wakuu, ilienda! Ka-ta-ka, ka-ta-ka, mkono ulikumbuka kinu cha bibi, Danilo amesimama pembeni uso umemng'aa kama bwana harusi.

Kisha Lolo akabadilisha mwendo. Kidogo tu. Fimbo yangu ya kushoto ikaruka, ikatua kwenye sinia la tambi. Ya kulia ikawa inatafuta pa kwenda. Nikaona fimbo yake inakuja usoni, nikafumba macho, na neno pekee lililonijia nikalipiga kwa sauti yote:

"FUKUZA KUKU!"

Watu sitini wakadhani ni amri.

Wakachuchumaa. Wakapepea. Mainjinia, walimu, askari mstaafu mmoja, wote "Shuu! Shuu!" ukumbi mzima, wakimzunguka mzee wa watu mwenye kandambili.

Lolo akasubiri wamalize. Akatazama chini ya kiti chake, akatazama kushoto na kulia. Akauliza taratibu, "Hao kuku wako wapi?"

Mara ya pili kuulizwa swali hilo siku mbili. Nikavua kofia.

Nikasema mimi ni mfagizi. Watu wakatabasamu. Debbie akamnong'oneza jirani yake, "Wakubwa wa kweli husema hivyohivyo."

Nikasema sijui chochote kuhusu fimbo. Wakanipigia makofi.

Ikabidi nitaje kila kitu: ugali ni chakula, kupalilia ni shambani, na fimbo zile za siku ya kwanza zilikuwa za dekio la chooni. Hapo ndipo ukumbi ulipotulia. Debbie akashusha mkono wa shati lake polepole.

Danilo aliokota fimbo yangu kwenye tambi, akaifuta.

Lolo akanigeukia. "Kutwanga kwako ni kwa kweli. Hayo mengine warudishie kuku." Kisha akamgeukia Danilo, aliyemfuata miaka ishirini na miwili. "Umeleta shahidi bila kumuuliza yeye ni nani. Njoo mwakani."

"Ndiyo, guro," Danilo akasema.

Basi.

Tukarudi Louisville, safari ya saa nane. Kwenye kituo cha mafuta Danilo alinigeukia mara moja tu: "Tatay, utakunywa chai?" Afadhali angenitukana.

Nikabadilisha siku ya usafi, nikajificha wiki tano. Jumamosi ya sita nikashindwa. Nikaingia na fimbo moja, nikasimama mstari wa nyuma kabisa, nikafanya walichofanya, vibaya.

Mwisho wa mazoezi nikamfuata Danilo. Nikainama na goti langu bovu, nikachukua mkono wake niuguse kwenye paji langu.

Akauchomoa kana kwamba nimemchoma. "Tatay, unafanya nini! Mkubwa hamwamkii mdogo hivyo."

"Wewe ni guro. Mimi ni mwongo."

"Mimi ni nesi," akasema. "Naona madekio kila siku ya Mungu. Unadhani siku ile sikujua ni mipini ya dekio? Sikuinamia fimbo. Niliinamia mvi. Hayo mengine uliyaongeza mwenyewe, nami kwa ujinga nikayaamini."

Akachukua mkono wangu, akauweka kwenye paji la uso wake.

Safari hii hakuna aliyepanga foleni. Alikuja Debbie peke yake.

Nilichojifunza, wakuu: kitu nilichokuwa na njaa nacho nilipewa dakika ya kwanza, bure, nimeshika madekio. Mwaka mzima nikadanganya ili nisinyang'anywe kitu ambacho hakuna aliyetaka kuninyang'anya. Na aliyelipia ni Danilo. Haki yake hajaipata hadi leo ninapoandika.

Debbie amekataa kufuta tattoo. Siku hizi anakuja nyumbani kila Jumapili kusonga ugali wa kweli, na anausonga vizuri kuliko Upendo. Nami nabana sufuria.

Haya, karibuni mnicharaze, nimezoea fimbo. Ila kama kuna mtu humu aliwahi kukalishwa kiti kisicho chake, anieleze: alishukaje bila kumwangusha aliyemkalisha?