Tofali la Mama Zaina

Dada zangu wa Nyangwe, leo nimemuumbua jirani yangu mbele ya wanawake wa msikiti hapa Kindu, na siombi radhi!

Mnaijua chachu niliyoachiwa na marehemu mama. Mama Zaina alitaka imwagwe, vitumbua vya Idi viumuliwe kwa yake.

“Yako iko maiti, dada!”

Tukashindana. Vyungu viwili, rojo la mchele sawasawa, kila kimoja na kijiti kinachoinuliwa na rojo. Chake akakizungushia kitambaa, eti kipate joto.

Kila swala tulitia alama ya mkaa ukutani, ncha ya kijiti ilipofika. Zake zikawa juu ya zangu. Alicheka huyo!

Mimi nikapima pengo kwa kiganja.

Adhuhuri, kiganja kimoja.
Alasiri, kimoja.
Magharibi, kile kile!

“Mama Zaina, rojo huongezeka maradufu. Chachu yako ingekuwa kali, au ungeanza mapema, ungezidi kuniacha. Wewe umeinuliwa tu.”

“Wivu njo inakusemesha!”

Nikavuta kitambaa. Chini ya chungu, tofali!

Mungu anisamehe, nilicheka kumshinda.

Idi tunaumua kwa chachu ya mama. Tofali hajalidai, nimelikalia nikiwaandikia.

Nimrudishie? Semeni.