Romana wa Ilembo Jazz: 'Wimbo haukatwi, unazamishwa'

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Romana Cletus amepiga magoti nyuma ya kinanda chake, nje ya nyumba ya tofali za kuchoma katika kata ya Ilembo, mjini Mpanda. Mkononi ana bonge la nta ya nyuki. Analipasha kidogo juu ya jiko la mkaa, analikanda kwa vidole, halafu anaanza kupaka mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayovuta upepo na kuupeleka kwenye sauti.

"Panya wa mji huu wanapenda muziki," anasema bila kuinua kichwa. "Walianza na ngozi. Siku hizi wamehamia kwenye mbao."

Kinanda chenyewe ni cha miguu. Mpigaji anakanyaga pedeli mbili kwa zamu kama mtu anayepanda mlima, na vidole vinabonyeza juu. Hakitumii umeme wala betri. Kilikuwa kimetupwa stoo ya misheni, kimejaa mavi ya popo, Romana alipokiomba. Alipewa kwa sharti moja, kwamba kila Jumapili kirudi kanisani, na yeye akiwa nyuma yake.

Sharti hilo analitimiza mpaka leo. Jumapili anapiga misani katika kigango cha Ilembo. Jumamosi anapiga harusini na bendi ya Ilembo Jazz. Siku zilizobaki yuko shambani na mahindi na karanga zake, maana muziki wa Mpanda unalisha roho vizuri kuliko tumbo. Harusi moja inampa shilingi elfu tatu, na hapo vijana wanaobeba kinanda hawajakata chao.

Ana umri wa miaka 47. Hapa mjini wanamwita Mama Katarina, kwa jina la binti yake wa kwanza, na wakisema "mama wa kinanda" hakuna anayeuliza yupi. Mwandishi wa makala haya aliuliza huku na huko kama wilaya ya Mpanda ina mwanamke mwingine anayepiga chombo katika bendi ya dansi. Alichekwa.

Lakini asubuhi hii mama wa kinanda hana raha. Jana treni ya Tabora ilimshusha mgeni aitwaye Enoka, mfanyabiashara wa kanda za muziki, akiwa na mashine ya kurekodia na katoni la betri mpya. Amekuja kuirekodi Ilembo Jazz, bendi ambayo tangu izaliwe haijawahi kusikika nje ya wilaya. Na amekuja na masharti yake: nyimbo ziende kasi, ziishe kwa kukatwa, wawepo wacheza shoo, na kinanda kikae pembeni.

"Mama, usinione mbaya," Enoka alimweleza usiku, nyumbani kwa kiongozi wa bendi alikofikia. "Kanda siuzii hapa. Nauza Tabora, Shinyanga, Mwanza. Huko mtu akisikia wimbo unapungua mwendo vile mnavyopunguza nyie, anajua kanda imenasa. Atairudisha dukani adai pesa yake."

Kwa mtu asiyeijua Mpanda, hapo panahitaji maelezo.

Baba yake Romana, mzee Cletus, alikuwa mfanyakazi katika mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, wakubwa walifungasha wakaondoka, na klabu yao ikabaki na takataka. Ndani ya takataka hizo mlikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri za jazz, zile za watu weusi wa Marekani, tarumbeta, piano na besi. Karatasi za majina zilizobandikwa katikati ya santuri zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mpaka leo Romana hajui hata mmoja wa wale wapigaji anaitwa nani, kwa hiyo amewapa majina mwenyewe. Kuna Mwenye Mafua, anayepiga tarumbeta kama pua imeziba. Kuna Bwana Haraka. Kuna Mjane, mpiga piano ambaye kwa maoni ya Romana hakuwahi kukosea maishani mwake isipokuwa mara moja, na kosa lenyewe ni tamu kuliko usahihi wa wengine.

Gramafoni ilikuwa na springi iliyovunjika. Mzee Cletus aliibeba nyumbani, akakata kipande kilichokufa, akaunga kilichobaki, mashine ikafanya kazi. Ila nguvu haikurudi yote. Santuri ilianza taratibu, ikaendelea taratibu, na ilipokaribia mwisho springi ilichoka kabisa. Sauti ikashuka, ikashuka, mpaka tarumbeta ikawa kama ng'ombe anayelala.

Binti wa miaka kumi na kitu, ambaye hakuwa na redio wala mtu wa kumweleza, aliamini kwamba jazz ndivyo inavyoishia. Alijifunza hivyo. Alipoanzisha Ilembo Jazz na wenzake mwaka 1979, miaka kumi na sita iliyopita, aliwafundisha hivyo.

Na Mpanda nayo ikajifunza. Hapo ndipo penyewe.

Kwenye harusi za hapa akina mama huleta zawadi wakicheza, mzigo ukiwa kichwani. Kapu la mahindi, sufuria zilizopangwa, chungu cha asali kutoka milima ya Mwese. Mwendo wa Ilembo Jazz uliwafaa, kwa sababu mtu anaweza kuucheza na chungu kilichojaa kisimwagike. Na wimbo ulipoanza kuzama, nao walizama nao, magoti yakikunjwa polepole, mpaka noti ya mwisho inapogusa chini, na zawadi inagusa chini. Miaka ikapita, ikawa desturi. Zawadi haishushwi kimyakimya. Inashushwa na wimbo.

Ukweli wa springi Romana aliujua akiwa mtu mzima, alipokwenda Tabora kumuuguza ndugu. Kwenye duka moja akamsikia Mwenye Mafua anapigwa kwenye mashine nzima.

"Nilimwambia mwenye duka, mashine yako ina kiherehere," anakumbuka, na kicheko kinamtikisa mabega. "Akanionyesha ilivyoandikwa, santuri izunguke mara ngapi kwa dakika, kila kitu. Nikaenda kukaa stesheni kungoja treni, nikawaza mpaka kichwa kikauma. Kwamba maisha yangu yote nimejifunza ubovu wa springi."

Ikawaje?

"Treni yetu unaijua mwendo wake. Mpaka inafika Mpanda nilikuwa nimemaliza kuwaza. Nikasema sirekebishi kitu."

Si kwamba hana masikio ya mambo mengine. Ukimpa nafasi, Romana ana maoni juu ya kila chombo chenye waya. Santuri za zamani anazipenda kwa sababu, anasema, "unasikia chumba." Watu wamezunguka maikrofoni moja, mmoja anakohoa, kiti kinalia, mwenye tarumbeta anarudi nyuma ili asimmeze mwenzake. Kanda za siku hizi zinamchosha. "Kila mtu kapigia shimoni kwake, halafu wamekuja kuungwa kama viraka."

Kinanda cha umeme alikijaribu mara moja, mgeni alipokuja nacho kanisani. Kilikuwa na filimbi, zeze, kengele, mpaka ngoma zinazojipiga zenyewe. "Kinajua sauti za watu wote," anasema. "Ya kwake mwenyewe sikuisikia. Halafu hakipumui. Hiki changu lazima nikipe pumzi kabla hakijaimba, na kwaya nayo inavuta pumzi hapohapo. Kile cha umeme kilikimbia na misa, watu wakafika kwenye Amina wanahema."

Na shoo?

"Kucheza sikupingi. Napinga kucheza kwa kufunika makosa. Alikuja mpiga gita mmoja hapa, akapiga kwa meno. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini kwa vidole alikuwa hodari zaidi. Meno hayajafanya mazoezi." Anapaka nta ya mwisho, anafuta vidole kwenye kitenge. "Mimi hata nikitaka shoo, nitaifanyaje? Miguu yangu iko kazini."

Saa nane mchana kinanda kimekwisha kushushwa kutoka kwenye trekta, uwanjani kwa wenye harusi huko Mwamkulu. Deogratias, mwimbaji na kiongozi wa bendi, amevaa shati linalong'aa. Wasichana wawili wacheza shoo wamejipanga nyuma yake. Enoka ameketi kwenye kiti cha uvivu, mashine magotini, kidole karibu na kitufe.

Deogratias anamfuata Romana. Ni kijana ambaye mama huyu alimfundisha kuimba tangu ana kanzu ya utumishi wa altare, na uso wake unaonyesha kwamba hajalala vizuri.

"Mama, tujaribu wimbo mmoja tu anavyotaka yeye. Tukikosa hii nafasi, nani mwingine atakuja huku?"

"Jaribuni, mwanangu," Romana anajibu. "Kama ni kutolewa, nitolewe nikiwa nimesikia kwa masikio yangu."

Anakifunika kinanda kwa kitenge na kukaa nyuma yake, mikono mapajani. Ukimtazama usoni huwezi kudanganyika. Inamuuma.

Bendi inaanza. Magita mawili yanayokula betri ya gari yanapaa, ngoma zinakimbia, wasichana wanazungusha viuno, vijana wanapiga miluzi. Haki isemwe, inapendeza. Enoka anatikisa kichwa kwa furaha.

Kisha akina mama wanaingia na zawadi, wakiongozwa na Bi Yustina, shangazi wa bibi harusi, chungu cha asali kichwani. Hatua ya kwanza inakuwa ngumu. Ya pili ni ngumu zaidi. Mwendo unawasukuma kama watu waliochelewa basi. Asali inachungulia mdomoni mwa chungu, inateremka kwenye sikio la Bi Yustina. Anaacha kucheza, anatembea tu, na wenzake wote nyuma wanatembea. Wanafika mbele ya maharusi wakiwa wamekaza shingo.

Hapo Deogratias anarusha mkono juu na wimbo unakatwa, pa! Safi kabisa, kama Enoka alivyoagiza.

Wasichana wameganda katika pozi lao. Vijana wanapiga makofi, halafu makofi yanaisha. Na akina mama bado wamesimama, mizigo kichwani, hakuna anayeinama. Zawadi itashushwa na nini? Bibi harusi anaangalia chini. Mtoto mmoja analia kwa mbali.

"Deo," anasema Bi Yustina kutoka chini ya chungu, taratibu, kwa sababu hawezi kugeuza shingo. "Mmetuacha juu."

Deogratias anamwangalia Enoka. Enoka anaiangalia mashine yake.

Kitenge kinaondolewa. Inasikika kwanza miguu, pedeli zikilia ki-ku, ki-ku, kisha pumzi ya mivukuto, kisha sauti. Romana hapigi wimbo mpya. Anauchukua uleule waliokata, pale ulipokatikia, na kuurudisha kwenye mwendo wake. Ngoma inamwingilia kwa upole. Besi inafuata. Deogratias anaimba tena, na safari hii anaimba akiwa amesimama tu.

Akina mama wanaanza kuyumba. Nyuso zinalegea. Shingo ya Bi Yustina inarudi kuwa shingo. Wimbo unaanza kuzama, nao wanazama nao, na wasichana wawili wa shoo, ambao ni watoto wa hapahapa Mpanda na wameyaona haya tangu utotoni, wanakimbilia kuwashika wazee viwiko. Noti ya mwisho inakwenda chini mpaka inabaki pumzi tupu. Chungu kinakaa ardhini. Vigelegele vinapasuka.

Enoka hapigi makofi. Kidole chake kiko kwenye kitufe, na tepu ndani ya mashine inazunguka. Ilianza kuzunguka pale Bi Yustina aliposema wameachwa juu, maneno yenyewe yamo.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, kanda inachezwa nyumbani kwa Romana. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Anasikiliza kichwa kikiwa kimeinama, na pedeli zinapolia ki-ku, ki-ku, anainua kidole.

"Chumba kinasikika," anasema. Machozi yake hayafichi.

Enoka ameikubali kanda kama ilivyo, ingawa hajaacha kuhofia wateja wa Mwanza. Dawa aliyoipata ni ya kibiashara. Kwenye jalada la kila kanda, chini ya jina la Ilembo Jazz, yataandikwa maneno haya: "Kanda hii haina tatizo. Mpanda ndivyo wanavyopiga." Romana aliyasoma mara mbili, akaomba jalada moja alibandike ukutani.

Mwezi ujao bendi nzima itapanda treni kwenda Tabora kurekodi nyimbo zilizobaki, na kinanda kitasafiri kwenye behewa la mizigo kikiwa kimefungwa blanketi. Romana ameshaagiza nta nyingine kutoka Mwese. Anataka pia kupita lile duka alikomsikia Mwenye Mafua, kama bado lipo, amwachie mwenye duka kanda moja.

Na zaidi ya hapo, anatumaini nini? Anafikiri huku akikunja kitenge cha kufunikia kinanda.

"Kanda zitafika mbali. Huko vijijini kuna binti ana redio kaseti, betri zimechoka, anazianika juani. Atatusikia taratibu kuliko tulivyopiga, na mwisho utazama mara mbili. Basi naye ajifunze hivyohivyo."

Na siku akikutana na mtu mwenye betri mpya, akamwambia amekosea?

"Asikubali."