Nusu Gunia

Shangazi yangu hana haya. Mbele ya watu wote alinipima kwa macho, akasema, "Weye utasaidia jikoni." Ilikuwa dote, sherehe ya mahari ya dada yangu, dada wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyepaswa kumtangulia na kikapu. Lakini blauzi za mishanana, mavazi yetu ya sherehe, zilikodiwa mjini Kamembe, zote ndogo. "Ukifika kilo hamsini, nusu gunia la mpunga, utabeba," akaniambia.

Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, mnene kama mimi, akasema tuache kula mchana pamoja. Baba yake alikuwa mpimaji kwenye kinu cha mpunga hapa Bugarama, basi kila Jumamosi rafiki yangu alinipeleka mizanini. Pale kinuni mwenye gunia hasomi mizani, anasoma mpimaji. Nami nilisimama kama gunia, uso ukutani, rafiki yangu akasukuma kile chuma cha mizani na kusoma.

"Hamsini na sita, masheri wangu. Bado."

Wiki iliyofuata, bado. Nikaacha chai ya asubuhi. Bado. Nikaacha ndizi za jioni, nikamdanganya Maman kwamba nimekula kwa rafiki yangu. Sketi yangu ikawa inashikwa na pini. "Nguo zinalegea zikifuliwa sana," rafiki yangu akasema, na mimi mjinga nikamwamini yeye kuliko sketi yangu.

Nikaanguka darasani. Kituo cha afya wakanipima: arobaini na tatu. Nikamwomba muuguzi apime tena, nikidhani mizani yao ni mibovu. Maman akalia.

Nilimkuta rafiki yangu akichagua mawe kwenye maharagwe. Hakukana kwamba alinisomea uongo. "Ungefika hamsini ungerudi kula," akasema, "mimi ningebaki na njaa peke yangu." Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alinila mpaka nguo zikanipwaya. Nilimchukia, na nilimlilia pia.

Siku ya dote hata ile blauzi ndogo ilinining'inia. Shangazi akanivua, akamvika rafiki yangu, ikamkaa sawasawa. Maman akaniweka jikoni na sahani ya wali, akaniamuru nimalize. Kupitia mlangoni nilimwona akimtangulia dada yangu na kikapu changu kichwani, polepole, shingo imenyooka. Alipendeza kweli. Hilo ndilo sijamsamehe.