Kitufe cha Wakubwa

Selestini Asukulu alivuka ziwa kutoka Uvira mwishoni mwa mwaka 1996 akiwa na gitaa la besi lililofungwa kwenye shuka, na bila kiatu cha kushoto. Kiatu kilianguka majini. Gitaa alilishika kwa mikono miwili.

Wakampeleka kambini Lugufu pamoja na wenzake. Huko kulikuwa na foleni ya unga, foleni ya maharage, foleni ya maji, na foleni ya kuuliza kwa nini foleni ya jana haikufika mwisho. Umeme ndio haukuwapo, na fundi mitambo bila umeme ni mtu aliyeshika waya tu. Kwa hiyo kila wiki mbili Selestini aliomba kibali cha kutoka, akaja kufanya kazi mjini Kigoma, mtaa wa Kasingirima, katika chumba cha Mzee Hamdani. Kilipigiliwa magodoro ukutani, kikaitwa studio.

Usidanganyike kwamba kaseti za kwaya za Kigoma za miaka ile zilipigwa na wale unaowaona kwenye jalada, wamevaa suti na kushika magitaa yasiyo na waya. Solo ni Selestini. Besi ni Selestini. Kinanda, mpiga kinanda akichelewa, ni Selestini. Na mpiga kinanda alichelewa kila mara, maana ndiye alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Kwenye jalada waliandikwa mwenyekiti, katibu, mlezi na mlezi msaidizi. Jina la Selestini liliandikwa mahali pamoja tu: kwenye kibali.

Kibali kilisainiwa na Bwana Elinipa, ofisa wa wakimbizi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi na ambaye hajawahi kuisamehe Kigoma kwa jambo hilo. Kwa kuwa sekondari aliimba sauti ya tatu, alijihesabu mtaalamu wa muziki. Siku moja, kwenye harusi Mwandiga, alimsukuma Selestini kando akavizungusha vitufe vya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kama mtu anayetafuta taarifa ya habari. Spika zikapiga mluzi. Bibi harusi akaziba masikio. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

"Unaona?" Elinipa akasema. "Mitambo yako mibovu."

"Ndiyo, Chefu."

Kesho yake Selestini aliifungua mikisa, akakata waya wa kitufe cha mwisho upande wa kulia, akakipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe Mwanvua, binti wa palepale Ujiji. Elinipa alipotokea tena kwenye shughuli, akaonyeshwa.

"Hiki ni cha wakubwa, Chefu. Fundi haruhusiwi kukigusa."

Elinipa akakizungusha kidogo kulia. Kitufe kilikuwa hakijaunganishwa na kitu chochote duniani. Akafumba macho. "Hapo sasa! Sikia besi ilivyokaa."

"Una masikio, Chefu."

Tangu siku hiyo vibali vilitoka bila maswali, na Elinipa hakukosa shughuli yoyote yenye spika.

Ndipo wakaja wazungu wa shirika moja la misaada na bendi yao ya roki. Siku za kazi waligawa mablanketi, Jumamosi wakagawa kelele. Kiongozi wao, Anders, alimwagiza Selestini alifanye gitaa likorome. Selestini alikuwa ametumia miaka kumi kujifunza kuuondoa mkoromo huohuo. Mazoezi yalipoanza, Mzee Hamdani alikuja mbio na bisibisi.

"We Selestini! Spika yangu imepasuka!"

"Haijapasuka, Mzee. Wanataka iwe hivyo."

"Wanataka ipasuke?"

"Ndiyo roki yenyewe, Mzee."

Hamdani akakaa, akausikiliza wimbo mzima kwa adabu. "Na hawa," akauliza, "ndio waliokuja kutusaidia?"

Anders alipiga gitaa kama anayepara magamba ya samaki wa kuhe. Wimbo wa tatu, Selestini akaizima sauti ya gitaa la Anders kwenye mikisa, akachukua gitaa lingine, akakaa nyuma ya spika akapiga mwenyewe. Anders hakujua. Aliwaandikia ndugu zake kwamba hali ya hewa ya ziwani imemfungua vidole.

Mambo yakaenda hivyo hadi Juni ya mwaka mmoja, Siku ya Wakimbizi ikikaribia na wageni wakubwa wakitarajiwa kutoka Dar es Salaam. Selestini akapeleka kibali chake kikasainiwe.

"Cha nini?" Elinipa akauliza.

"Mitambo ya sherehe, Chefu."

"Mitambo si naiweka sawa mimi? Wewe huwa unakaa tu pale. Rudi kambini."

"Chefu, mke wangu ana mimba ya miezi minane. Yuko hapa Ujiji."

"Mkeo hapigi mitambo."

Mwanvua alipopata habari hakulia. Alimtazama mumewe akifunga mzigo. "Si ungemkata waya wa mdomo, baba? Umehangaika na kitufe."

Lori likaondoka naye.

Siku moja kabla ya sherehe wageni wa kwanza walikaribishwa uwanjani kuona mazoezi. Elinipa alikaa kwenye mikisa na suti ya vipande vitatu. Anders akapiga, na kwa mara ya kwanza Kigoma ikasikia vidole vyake halisi. Halafu maiki zikaanza mluzi. Elinipa akakizungusha kitufe chekundu kulia. Akakizungusha kushoto. Akakishika kwa mikono miwili. Mama mmoja wa Dar akauliza kama hiyo ndiyo ngoma ya asili ya huku.

Gari likatumwa Lugufu mbio.

Asubuhi ya sherehe Selestini alifika, amepitia kwa Mzee Hamdani, vumbi mpaka kope. Wageni walikuwa wamekaa. Mwanvua naye alikuwa chini ya turubai, tumbo limemtangulia, macho kwa mumewe.

"Hebu waeleze wageni," Elinipa akasema kwa sauti. "Tatizo ni nini?"

Bisibisi ilikuwa mkononi mwa Selestini. Angefungua kifuniko tu, uwanja mzima ungeuona waya uliokatwa, na kicheko kingefika Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Halafu nani angesaini kibali?

"Ni kitufe chako, Chefu," Selestini akasema. "Kimechoka. Kimefanya kazi kubwa peke yake."

Elinipa akawageukia wageni kama mtu aliyeshinda kesi.

Selestini akatoa mfukoni kitufe kingine, kikubwa kama kifuniko cha chupa, kilichong'olewa kwenye redio mbovu ya Hamdani. "Nimekuja na kipya. Ila hiki kinataka fundi wa kukiangalia kila siku, hapahapa mjini."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka, Chefu. Kikiwahi kuharibika, utaaibika tena."

Kibali kilisainiwa palepale juu ya spika. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika mwaka mzima, Elinipa akaandika pembeni. Mwanvua akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

Selestini akaizima sauti ya gitaa la Anders, akakaa nyuma ya spika, akapiga. Elinipa akakizungusha kitufe kipya kidogo tu kulia, akainua kidole.

"Mnasikia tofauti?"

Nao, kwa kuwa walikuwa wageni waheshimiwa, wakaisikia.