Mbuzi Wanono wa Mama Halima

Mnicheke polepole. Miaka ya sabini nilikuwa karani wa stoo katika shule ya bweni ya serikali hapa Isiolo. Mama Halima wa Kiwanjani alituletea mbuzi wa kuchinjwa, wanono kweli, kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja. Nikajiambia, mama huyu ananiheshimu sana. Basi, kwa kuchoka kutangaza zabuni kila Disemba, nikampigia chapa kandarasi ya miaka mitatu.

Mwaka haukuisha, mbuzi wakaanza kuja mbavu nje. Nikamwita mbele ya hedimasta mpya, nionekane mkali, nikafoka: "Mama, Disemba hii kandarasi hupati!"

Akafungua fundo la leso, akampa hedimasta karatasi yenye sahihi yangu.

"Bado miaka miwili," akasema. "Karani, mimi nilikuwa naogopa Disemba. Wewe sijawahi kukuogopa."