Ncha Iliyohama

Mume wangu Ulikattaq alizaliwa ndani ya nyumba ya theluji, na kwa miaka arubaini hakupotea hata mara moja. Nianze kwa kumsifu, msije mkasema namwonea. Njia aliisoma kwenye matuta ya theluji yanayochongwa na upepo wa kaskazini-magharibi, kama alivyofundishwa na babu yake. Dira aliicheka. Enzi za babu, ncha ya sumaku ya dunia, ile inayovuta sindano za dira, ilikuwa jirani na kijiji chetu, na sindano ya dira ilizunguka ovyo kama mlevi. Wageni walipotea na dira zao mkononi, babu akawa anawaokota.

Mimi nilikuwa mshonaji. Viatu vyangu vya ngozi ya sili havikuingiza maji.

Desemba ile tulikuwa tunarudi kutoka ziwani kuvua. Ilikuwa mchana, lakini giza, maana mwezi huo kwetu jua halichomozi. Dhoruba ikatulaza hemani siku mbili. Ilipotulia, nikatoa dira niliyopewa na kaka yangu. Sindano ikatulia tuli.

"Kijiji kiko kule," nikamwambia. "Mwalimu wa shule kasema ncha imehama, inaelekea Urusi."

"Imehama? Nani kaisaidia kufunga mizigo?" Akacheka. "Bibie, shika sindano yako ya kushonea. Njia niachie mimi."

Akainama, akapapasa matuta, akageuza pikipiki ya theluji upande mwingine. Matuta yale yalikuwa mapya, yamechongwa na upepo wa mashariki wa dhoruba ile. Alijua, hata mtoto wa kwetu angejua. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema, na kunifuata hakutaka.

Mafuta yakatuishia. Tulipatikana siku ya tatu. Hospitali wakanikata vidole vyote kumi vya mikono, vilikuwa vimekufa kwa baridi. Yeye hakupoteza hata ukucha, maana glavu nzuri nilimshonea yeye, nikabaki na kuukuu. Sijamsamehe.

Kwetu, ukizipigia mluzi taa za angani, zile nuru za kijani zinazocheza usiku, wafu wanaocheza mpira kule juu hushuka wakakichukua kichwa chako wakichezee. Juzi nikamsikia yuko nje, kichwa wazi, anazipigia mluzi. Nikafungua mlango kwa kiwiko.

"Ingia ndani, mwanamume wewe!"

"Niache. Waje wakichukue."

"Ingia, supu inapoa. Hata wafu hawakitaki hicho kichwa."

Akaingia. Akakaa karibu yangu, akachukua kijiko, akanilisha.