Aliyekifua Kijiko cha Nyanya

Mama alipofariki hospitalini Homa Bay tulimzika nyumbani kwa baba, na matanga yalipokwisha tukagawana vitu vyake. Kaka yangu alichukua redio na kiti. Mimi nikapewa kijiko.

Hakuna aliyekigombea. Kilikuwa kizito, cheusi kwa uzee, na mpini wake ulikuwa umepinda kama ndoana, ukarudi karibu kugusa kichwa chake. Mama alikiweka kabatini akiwa amekifunga kwa kitambaa, wala hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulia chakula kwacho. Tulipouliza, alijibu, "Ni cha mama yangu," kisha akaendelea na shughuli zake. Huyo nyanya hatukumjua. Tuliambiwa alikufa mama akiwa bado mdogo. Kaka aliamini kwamba kijiko kilitoka kwa wamishonari.

"Hiyo ni fedha ya Uingereza," aliniambia. "Tafuta mtu akwambie nani alikitengeneza, na lini."

Mimi nashona sare za shule mjini Migori. Karibu na kibanda changu kuna fundi wa pete na mikufu, mtu aliyeanza kazi kwa kununua dhahabu kwenye machimbo ya Masara. Nikampelekea. Alikisugua kwenye jiwe lake jeusi la kupimia, akadondosha dawa, akangoja.

"Mama, hiki hakikutoka kiwandani," akasema. "Hakina muhuri. Kimefuliwa kwa nyundo. Na fedha yenyewe ni kidogo, imechanganywa na kitu kingine."

Akakigeuza. Mgongoni palikuwa na mistari mitatu mifupi iliyochanjwa kwa patasi. Kando yake, ukikielekeza kwenye mwanga, ungeona alama hafifu, kama manyoya ya shingo ya simba.

"Hizi ni shilingi za zamani, zile za mfalme, zenye simba," akasema. "Mtu aliziunganisha kwa moto akazifua. Hii moja haikuyeyuka vizuri."

"Mtu gani?"

"Hiyo siwezi kujua. Lakini ni fundi wa huku huku kwetu. Nikunyooshee mpini? Ni kazi ndogo."

Nilikuwa karibu kukubali, ila alipoukagua pale ulipopinda alisita mwenyewe. "Haukupinda kwa kuanguka huu," akasema polepole. "Umekunjwa ukiwa moto. Aliyeufua alitaka uwe hivi."

Nikakifunga tena kwenye kitambaa chake.

Wa kuulizwa alikuwa amebaki mmoja tu, mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi Kendu Bay. Jumamosi iliyofuata nikaenda. Nilimkuta mlangoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Nilipofungua kitambaa alinawa mikono na kuifuta kwa leso, ndipo akakipokea. Kisha alikunja vidole vyake vyote ndani ya kiganja na kuipenyeza ngumi katika ule mpini. Kijiko kikakaa mkononi bila kushikwa. Akakiinua hadi mdomoni.

"Hivi ndivyo alivyokula," akasema kwa Kijaluo. "Mama yangu hakuwa na vidole."

Nikamuuliza ulikuwa ugonjwa gani.

"Ukoma."

Alinieleza akiwa ameinama. Nyanya alijengewa kibanda mwisho kabisa wa boma. Chakula kiliachwa juu ya jiwe, naye alikiinamia akakila kwa mdomo. Watu wa boma walimwogopa, na watoto wake mwenyewe walikatazwa kumkaribia, ingawa yeye mama mdogo alikuwa akitoroka kwenda kumwona. Aliyemwendea waziwazi alikuwa mmoja, mtoto wa kwanza wa mke mwenza wake nyanya, kijana aliyekuwa akiziba sufuria na birika sokoni.

"Alikuja na kipande cha kamba akampima mkono," mama mdogo akasema. "Nilikuwa nimesimama pale. Aliushika mkono ule hivi hivi, bila kitambaa. Shilingi zilikuwa za mama mwenyewe, alikuwa amezifukia. Alisema, zitanifaa nini, na hakuna anayepokea kitu mkononi mwangu?"

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Mwaka ziwa lilipopanda likaingia madukani. Uhuru ulikuwa haujafika."

Nilikaa nikipiga hesabu. Wakati huo mama yangu hakuwa mtoto mdogo. Alikuwa msichana wa kuolewa.

"Lakini mama alituambia nyanya alikufa zamani," nikasema.

"Ndivyo alivyowaambia watu wa baba yako. Nani angeoa binti wa mkoma? Nyanya yako mwenyewe ndiye aliyemwagiza aseme hivyo." Alikifuta kijiko kwa leso. "Sasa alipokufa kweli, dada yangu angekujaje kumlilia mtu ambaye alishasema amekufa? Alikuja miezi mingi baadaye, kama mtu aliyekuja kununua samaki. Akachukua hiki, akarudi kwa mume wake."

Nilivuta kigoda nikamsaidia kuchambua omena mpaka zikaisha ungoni.

Alasiri tulichukua pikipiki mbili tukaenda kwenye lile boma. Nyumba ya mke mwenza wa nyanya ilikuwa haizungumzi na nyumba ya nyanya, upande wetu, kwa sababu ya ugomvi wa shamba, ugomvi ambao mimi na kaka tulirithi tu bila kuuelewa. Fundi wa sufuria alikuwa amekufa miaka mingi. Tulipokewa na mwanawe, mwanamume anayenizidi umri, ambaye alitusalimia vizuri lakini hakutukaribisha ndani. Nikamwonyesha ile mistari mitatu.

Akaingia jikoni, akatoka na birika kuukuu. Chini ya mpini wa birika hilo palikuwa na mistari mitatu, mifupi vilevile, wa katikati ukiinama kidogo kama ule wa kwenye kijiko.

"Baba hakusoma," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa sahihi yake." Kisha akaita ndani tuletewe viti.

Usiku ule ule nilimpigia kaka simu. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya mama. Yeye akauliza, "Huyo nyanya amezikwa wapi?"

Wiki iliyofuata tulikuwa wote kule, mimi, kaka na mama mdogo. Mwana wa fundi alitutangulia katikati ya mahindi. Tukatokea mahali penye nyasi tupu, mahindi yakiwa yamepandwa kupazunguka.

"Baba alisema hapa jembe lisiguse," akasema. "Hakutuambia sababu. Sisi tulidhani kuna mwamba, kumbe ni kaburi lake."

Kaka akavua kofia. Mama mdogo akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha siku ya msiba, akimwita mama yake na kuhesabu mema yake. Mwana wa fundi alisimama kidogo akimtazama. Kisha akageuka, akapita tena kwenye mahindi, akaenda kuwaita mke wake na watoto waje wasimame pamoja nasi.